Amana ya Nakala ya Kwanza

Ziko kazi ambazo kosa lake hukoma pale lilipotendeka, na ziko kazi ambazo kosa lake husafiri. Wanukuzi wa zamani wa pwani yetu, waliokuwa wakinakili tendi kwa hati za Kiarabu, walikuwa watu wa kazi za aina ya pili: nukta moja iliyowekwa juu ya herufi badala ya chini yake ilitosha kugeuza neno, na neno hilo lililogeuka likanukuliwa na mwanafunzi, na mwanafunzi wa mwanafunzi, hata msomaji wa mwisho akalisoma kwa imani kamili kana kwamba ndivyo mtunzi alivyotamka. Mimi si mnukuzi wa tendi, bali mwalimu wa hisabati na kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Walakini, nilipopewa jukumu la kutengeneza flashi moja ya Linux ambayo kwayo kompyuta zote za shule, na baadaye za shule jirani, zingewekwa mfumo mmoja, nilijikuta katika kazi ya jamaa wale, na mafunzo niliyoyapata humo ndiyo ninayokusudia kuyaeleza.

Kompyuta zenyewe zilikuwa za mtumba. Zilikuja kwa meli kutoka Ulaya kama msaada, zikapokewa kwa hotuba na soda, kisha zikafungiwa stoo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua la kuzifanya. Hazikuwa za ukoo mmoja: baadhi zilikuwa na rami ya GB 4, baadhi GB 2, na chache, zile nzito zenye kelele ya feni, zilikuwa na GB 1 tu na kichakataji cha biti 32. Baadhi zilikuwa na Windows XP, ambayo Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili 2014, na nyingine diski zake zilikuwa tupu. Mafundi wa mjini walikuwa tayari kuja kuzipiga Windows moja baada ya moja, kwa CD zisizokuwa na leseni, kwa malipo ya kila kichwa. Mkuu wa Shule, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliniita ofisini akaniuliza, “Mwalimu, kuna njia ya kuzifufua hizi bila shule kununua leseni, na bila kuiba?” Nikamjibu kuwa ipo. Akasema, “Basi fanya, lakini iwe njia ambayo hata wewe ukihamishwa, sisi tutabaki nayo.” Sehemu ya pili ya agizo lake niliichukua wakati ule kama maneno ya kawaida ya mkubwa wa kazi, baadaye niligundua kuwa ndiyo iliyokuwa nzito kuliko ya kwanza.

Njia hiyo ina nasaba yake, na yafaa nasaba hiyo ijulikane, maana pasipo hiyo kazi yangu ingekuwa wizi kama ule alioukataa Mkuu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akikusudia pawepo mfumo ambao kila mtu atakuwa na haki ya kuutumia, kuuchungua, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini kilichokuja kuitwa Linux. Na mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, hazina ya programu ambayo hata leo inatunzwa na watu wa kujitolea wa mataifa mengi. Katika mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper, kwa kuitumia hazina hiyo hiyo ya Debian, alidhihirisha kwa Knoppix yake kwamba mfumo mzima waweza kubanwa ndani ya CD moja, ukawashwa na kutumika papo hapo bila kuigusa diski ya kompyuta. Kiswahili nacho hakikuachwa nyuma sana, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa lugha yetu. Idhini ya kunakili, basi, ilikuwapo tangu zamani, imeandikwa katika leseni kwa lugha ya kisheria. Lililobaki lilikuwa ni mimi kuistahili.

Yafaa nieleze kwa ufupi namna flashi ya kuwashia inavyofanya kazi, maana hukumu zote nilizotoa baadaye zilitokana na umbile lake. Ndani ya flashi hiyo mna faili moja kubwa lililobanwa kwa utaratibu uitwao SquashFS, na ndani ya faili hilo mna mfumo wote utakaotumika, hata picha iliyo nyuma ya skrini. Faili hilo husomwa, wala haliandikwi kamwe. Kompyuta inapowashwa kwa flashi, kiini huamka, hulifungua faili lile, kisha hutandika juu yake tabaka jingine lililomo katika rami, ili kila atakachokiandika au kukifuta mtumiaji kiwe katika tabaka la juu, ilhali la chini linabaki kama lilivyotoka mikononi mwa mtengenezaji. Kompyuta ikizimwa, la juu hutoweka lote. Na mtu akiamua kuusakinisha mfumo, ni lile tabaka la chini linalomiminwa katika diski, neno kwa neno, kwa kompyuta ya kwanza na ya thelathini. Kwa hiyo kila nililoliweka humo niliwawekea wote, na kila nililolisahau niliwanyima wote, pamoja na watu ambao sikuwajua na ambao hawangepata nafasi ya kuniuliza kwa nini.

Kuna njia ya mkato ya kulitengeneza faili hilo, na kuna njia ndefu. Katika njia ya mkato, fundi husakinisha mfumo katika kompyuta moja, huupamba apendavyo, kisha huuchukua mzima mzima na kuugawa kama ulivyo. Katika njia ndefu, huandika maagizo katika mafaili machache ya maandishi, yaani orodha ya programu zinazotakiwa, mafaili yapasayo kukaa mahali fulani, na amri fupi za kurekebisha hiki na kile. Halafu huiachia programu iitwayo live-build ijenge mfumo tangu msingi, ikichota kila kitu katika hazina ya Debian, mpaka itoe faili moja la ISO la kuandikwa katika flashi. Nilichagua njia ndefu ijapokuwa haraka ilikuwapo, kwa kuwa ile ya mkato hainakili mfumo peke yake: hunakili na mazoea ya aliyeutengeneza, historia ya kivinjari chake, neno la siri la Wi-Fi ya nyumbani kwake, na mafaili aliyoyasahau pembeni. Intaneti yetu ilikuwa ya bando la simu, na kila ujenzi ulitaka mamia ya MB. Basi nikaweka katika kompyuta yangu programu ya apt-cacher-ng, ambayo hutunza kila kilichokwisha kupakuliwa, ili ujenzi wa leo usilipie tena kile kilicholipiwa jana.

Habari zilipoenea katika chumba cha walimu kwamba kuna orodha inaandikwa, kila mmoja alikuja na haja yake. Mwalimu wa Kemia alitaka Kalzium, yenye jedwali la elementi. Wa Kiswahili alitaka kamusi ya kusahihisha tahajia, nikafurahi kumwonyesha kwamba Debian inayo, kwa jina la hunspell-sw. Wa Historia alitaka Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003, isomeke bila intaneti kwa programu ya Kiwix. Na mwalimu wa michezo, bila ya haya, alitaka mchezo wa mpira. Mimi nami nilikuwa na changu. Nilitaka Stellarium, ambayo huonyesha nyota za mbingu ya mahali popote na saa yoyote, kwani niliona haikufaa mtoto wa pwani, aliyezaliwa na babu waliosafiri baharini kwa kuzitazama nyota, kumaliza shule bila kuijua hata moja kwa jina. Orodha ikarefuka, na kwa kila mstari ulioongezeka faili la ISO likanenepa.

Hapo ndipo nilipojiwekea kanuni ambayo nimeitumia katika mambo mengine tangu siku hizo: kwamba kitu cha wote hupimwa kwa yule aliye dhaifu kuliko wote. Nilitoa stoo ile kompyuta mbovu kupita zote, yenye rami ya GB 1 na kibodi ambayo herufi zake nusu zilikuwa zimefutika kwa vidole vya watu wa nchi ya mbali, nikaiweka mezani pangu iwe hakimu. Kila ISO iliyojengwa ilianza kwake. Ilikuwa hakimu mkali. Iliyakataa madirisha ya mapambo, nikachagua Xfce, ambayo haina makuu. Ilitaabika kivinjari kilipofunguliwa kurasa nyingi, nikaongeza zram, utaratibu wa kubana sehemu ya rami ili kilicho kidogo kitumike kama kingi. Nilipoiwashia Stellarium, ikashindwa kabisa, kwa kuwa programu ile hudai uwezo wa picha ambao kadi za zamani hazina. Niliwaza nikaona kwamba mwanafunzi atakayeketi mbele ya kompyuta kama ile, akabonyeza alama ya nyota na asipate kitu, hatasema kwamba kadi ya picha ni ya zamani. Atasema kwamba yeye ndiye asiyejua kompyuta. Nikaufuta mstari ule. Mchezo wa mpira nao ulitoka kwa hukumu hiyo hiyo, na mwalimu wa michezo akaipokea vizuri zaidi alipojua kwamba changu kimetangulia.

Hakimu yule ndiye pia aliyeniamulia ni Linux ipi itumike. Wakati ule matoleo mengi yalikuwa yamekwisha kuziacha kompyuta za biti 32. Ubuntu, kwa mfano, iliacha kutoa ISO zake za mezani kwa ajili ya kompyuta hizo tangu mwaka 2017. Lakini Debian ya 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuwa bado inazihudumia, na juu ya hayo ilikuwa toleo la kwanza kutia ndani ya ISO zake rasmi zile programu ndogo za watengenezaji ambazo pasipo hizo kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi. Kwa orodha ile ile moja nilijenga ISO mbili, ya biti 64 na ya biti 32. Zile kompyuta zenye rami ya kutosha niliziwasha kwa neno toram, ambalo huufanya mfumo wote uhamie katika rami, kiasi kwamba unaweza kuichomoa flashi na kuichomeka kwa jirani yake, huku ya kwanza ikiendelea kana kwamba hakuna kilichoondolewa. Vijana wa kidato cha tatu waliokuwa wasaidizi wangu waliipenda hila hiyo kuliko yote, wakawa wanapita na flashi moja safu nzima ya meza.

Kisakinishi cha Debian huuliza maswali mengi: lugha, nchi, majira, jina la kompyuta, jina la mtumiaji, na namna ya kuigawa diski. Maswali hayo yote yaweza kujibiwa mapema katika faili la majibu, hata mtu akichomeka flashi na kuwasha, kazi ikaendelea mpaka mwisho bila mkono wa binadamu. Nilikuwa karibu kuyajibu yote, maana nani apendaye kujibu maswali yale yale mbele ya kila kompyuta? Aliyenizuia ni karani wa shule, mama wa makamo aliyeikalia ofisi ile tangu wengi wetu hatujafika. Kompyuta yake ilikuwa imekataa kuwaka. Nilipoingia na flashi mkononi nikamwamkia, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia unapita unafuta kompyuta za watu.”

“Sifuti, mama. Naziwekea mfumo mpya.”

“Na maksi za watoto zilizomo humu, huo mfumo wako mpya unazijua?”

Sikuwa na jibu isipokuwa kumwonyesha. Niliiwasha kompyuta yake kwa flashi, bila kusakinisha chochote, na Debian ilipokwisha kuamka nikaifungua diski yake ya zamani kama mtu afunguavyo folda. Vilikuwamo vyote: maksi za miaka, barua za wazazi, orodha za ada, na mafaili yenye majina kama MATOKEO F3 MPYA na MATOKEO F3 MPYA KABISA. Windows ndiyo iliyokuwa imeharibika. Mali yake ilikuwa salama. Tulinakili kila kitu katika diski ya nje, naye akawa anazipitia folda kwa kidole juu ya skrini, moja moja, akizitaja kwa sauti. Aliporidhika alivua miwani akasema, “Haya sasa, futa.”

Niliporudi mezani kwangu niliyajibu maswali yote katika faili la majibu isipokuwa lile moja linalouliza kama diski ifutwe. Hilo nililiacha lisubiri mkono wa mtu aliye mbele ya kompyuta. Mtengenezaji wa asili, yaani wa nakala ya kwanza, hawezi kujua ni maksi za nani, wala ni picha za harusi ya nani, zimelala katika diski ambayo flashi yake itaifikia. Na asilolijua hana haki ya kulijibu. Kuokoa muda ni jambo jema, ila yako maswali ambayo kuyajibu kwa niaba ya asiyekuwapo ni kumdhulumu.

Jambo jingine nililojifunza ni hili, kwamba nakala zifananazo kwa kila kitu ni hatari. Katika Linux nyingi za siku hizi mna faili dogo, /etc/machine-id, lenye tarakimu na herufi 32, ambalo huitambulisha kompyuta hiyo mbali na nyingine zote; na palipowekwa huduma ya SSH mna pia funguo zake za siri, ambazo kwazo kompyuta huthibitisha kwa wageni kuwa ni yeye. Mambo haya yakinaswa ndani ya asili, kila nakala huzaliwa na utambulisho wa mwenzake. Kompyuta mbili zaweza kuomba anwani ya mtandao kwa alama moja zikagombea anwani moja. Na aliyezipata funguo za kompyuta moja ya darasani aweza kujifanya yoyote kati ya nyingine, hata ile ya karani yenye maksi. Niliandika amri ya kufanyika mwisho wa ujenzi: faili la utambulisho liachwe tupu, funguo zifutwe, na kila kompyuta iwashwapo kwa mara ya kwanza katika diski yake ijifanyie vyake. Walimu wanaopenda wanafunzi wao waandike insha zinazofanana na ya ubaoni wangefaidika kuitafakari amri hiyo.

Kisha kulikuwa na flashi zenyewe. Sokoni zipo flashi zilizoandikwa GB 64 juu ya ganda, na kompyuta ukiziuliza hujibu kwa kiapo kwamba ni GB 64, kumbe ndani zina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ukipita mpaka wake, huyapokea mafaili yako kwa adabu na kuyatupa. Dawa yake ni programu iitwayo f3, ambayo huijaza flashi yote maandishi yanayojulikana na baadaye kuyasoma tena, ikatoa hesabu ya yaliyosalia na yaliyopotea. Hakuna flashi iliyoandikiwa ISO yetu kabla ya kupita katika mtihani huo, wala hakuna iliyotoka mkononi mwetu kabla ya kusomwa upya na alama yake ya SHA256 kulinganishwa na ile ya asili, kwa kuwa herufi moja ikitofautiana alama yote hugeuka. Na katika kuandika kwenyewe tulikuwa na adabu yetu. Amri ya dd, tuliyoitumia kuandika, haiulizi mara mbili: ukiitajia diski ya kompyuta yako badala ya flashi, itaiandika diski yako kwa utii ule ule. Kwa hiyo kijana mmoja aliendesha lsblk, amri ya kuorodhesha diski, na kusoma jina la flashi kwa sauti, mwenzake akalithibitisha kwa ukubwa wake, na hapo tu ndipo kidole kilipoteremka juu ya Enter.

Lakini asili, hata ikitengenezwa kwa uangalifu wote, ina mpaka wake. Mmoja wa vijana wale, alipokuwa akitafuta katika skrini ya buluu ya mipangilio namna ya kuifanya kompyuta iwake kwa flashi, aliniita akasema, “Mwalimu, hii inasema tuko mwaka 2005. Mimi sijazaliwa.” Betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, ile ambayo huitunzia kompyuta saa inapokuwa imezimwa, ilikuwa imekufa. Kompyuta isiyoijua tarehe hupata taabu zisizofanana kabisa na ugonjwa wake: hukataa tovuti kwa kudai kuwa vyeti vyake havijaanza kutumika, na huweza kuikataa hata orodha ya programu za Debian kwa hoja hiyo hiyo. Mtu asiyefungua kasha angeishia kuilaumu flashi. Hakuna mstari ambao ningeuongeza katika orodha yangu ukatia umeme ndani ya betri iliyokufa; dawa ilikuwa bisibisi na duka la vifaa vya umeme. Tukaweka kanuni kwamba kabla flashi haijachomekwa, kasha lifunguliwe, vumbi litolewe, na saa itazamwe.

Sasa niiendee ile sehemu ya pili ya agizo la Mkuu. ISO siku inapokamilika ndiyo siku inayoanza kuchakaa, kwani kila wiki nyufa mpya hugunduliwa katika vivinjari na viini, nazo zikazibwa katika hazina ya Debian, wakati faili lililomo katika flashi linabaki vile vile. Flashi ya mwaka jana huweka mfumo wa mwaka jana. Lau ningekuwa nimewaachia shule flashi peke yake, ningekuwa nimewaachia kitu kinachopungua thamani kila mwezi, na nikihamishwa wangerudi kwa mafundi wa mjini. Kinachodumu ni maagizo: ile folda ya mafaili ya maandishi, ambayo ukubwa wake ni wa barua chache, na ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta, bando na subira aweza kuitumia kujenga ISO mpya ya leo. Agosti 2025 Debian ya 13 ilipotoka, mabadiliko tuliyohitaji yalikuwa jina la toleo na mistari michache. Na kwa kuwa toleo hilo halina tena kisakinishi cha biti 32, tuliandika katika folda ile ile kwamba kompyuta zile za kale zitabaki na Debian ya 12 kwa muda inaoendelea kuhudumiwa, na baada ya hapo zistaafu kwa heshima. Yule hakimu wa mezani pangu yumo miongoni mwao.

Zaidi ya maagizo, niliandika sababu. Katika mafaili yale, mstari unaoanza na alama ya # kompyuta huuruka, na mwanadamu huusoma. Nami juu ya kila uamuzi niliandika mstari mmoja au miwili wa namna hiyo: kwa nini Xfce, kwa nini swali la kufuta diski halikujibiwa, kwa nini funguo zinafutwa, na mahali pa Stellarium, kwamba imetolewa kwa sababu haiwaki katika kadi za picha za zamani. Mwalimu kijana wa shule moja ya wilaya ya Muheza alipokuja kuomba flashi, nilimpa flashi na folda. Baada ya muda alinipigia simu, sauti yake ikiwa ya mtu anayeomba radhi. “Samahani, Mwalimu, Stellarium nimeirudisha. Nimesoma ulichokiandika, na kompyuta zetu sisi ni mpya kidogo, zinaiweza. Ila Kalzium nimeitoa.” Nikamwambia kwamba hakuna cha kuomba radhi. Alikuwa amefanya jambo ambalo flashi peke yake isingemwezesha kulifanya: alikuwa ameisoma hoja yangu, akaiona kuwa ya kweli kwangu na si ya kweli kwake, akatoa hukumu yake. Laiti ningekuwa nimefuta mstari bila kuandika sababu, angedhani ama nimesahau, ama najua siri asiyoijua, na kwa vyovyote angebaki chini ya uamuzi wa mtu asiyeishi katika shule yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanzeje kazi ya namna hii, simwambii anunue flashi kwanza. Aitafute kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote zitakazohudumiwa, aiweke mbele yake; aandike orodha fupi kuliko anayoitamani; ayajibu maswali ambayo jibu lake ni moja kwa wote, na yale ambayo jibu lake wanalo wengine awaachie wenyewe; avifute vitambulisho vyote vya kwake kabla asili haijafungwa; aipime flashi kabla ya kuiamini. Na juu ya kila uamuzi aandike sababu yake kwa lugha ambayo ajaye baada yake ataielewa, ili ajaye akiona kuwa sababu hiyo haipo tena, aubadili uamuzi bila kutafuta ruhusa ya mtu.